Krepi, Panekuku na Kiti cha Mpishi

Ukiangalia ramani ya Ulaya utaona kwamba Ufaransa na Uholanzi hazipakani. Kati yao imekaa Ubelgiji. Mahali ambapo nchi hizi mbili zinagusana ardhini ni mbali sana na Ulaya, katika kisiwa kidogo cha Saint-Martin huko Karibiani, ambacho zilikigawana kwa mkataba wa mwaka 1648. Hata hivyo mimi nimezoea kuziita jirani, kwa sababu jamaa zangu wanaishi pande zote mbili. Mama mkubwa yuko Rennes, magharibi mwa Ufaransa. Mjomba, ambaye ni mdogo wake, yuko Assen, kaskazini mwa Uholanzi. Mimi nilizaliwa Buyenzi, mjini Bujumbura, nikalelewa na mama mkubwa kule Rennes kwa miaka 6, na sasa ninasoma Kiswahili Leiden. Kwa hiyo nikiambiwa nilinganishe nchi jirani, sianzi na bendera wala bunge. Ninaanza na kikaango.

Msomaji aliyekulia Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu. Krepi ya Wafaransa na panekuku ya Waholanzi ni ndugu wa chapati yetu ya maji: unga, maziwa au maji, yai, chumvi kidogo na moto. Nimewahi kuzipika zote mbili siku moja, jikoni kwangu, kwa vipimo vya kawaida vya kila nchi. Vipimo hivyo vinakaribiana mno: gramu 250 za unga wa ngano kwa nusu lita ya maziwa. Wafaransa huvunja mayai 3 au 4 na kutia siagi iliyoyeyushwa ndani ya rojo. Waholanzi huvunja 2, na siagi huiacha ikaange kikaangoni. Bakuli la kwanza lilinipa krepi 15. Bakuli la pili lilinipa panekuku 8. Unga ulikuwa wa mfuko mmoja na maziwa ya chupa moja. Kilichobadilika ni mkono wangu, kwanza mwepesi, kisha mzito.

Nianze na upande wa mama mkubwa. Rennes ni mji mkuu wa Bretagne, na Bretagne ndiyo nyumbani kwa krepi. Watu wa Rennes wana majina mawili, na ukiyachanganya watakusahihisha kwa upole. Krepi ni ile ya unga wa ngano wa kawaida, laini, ya kuliwa na sukari, asali au siagi yenye chumvi. Galeti ni ile ya unga wa rangi ya kijivu wenye vidoa vyeusi, nayo ni chakula cha kushibisha, huliwa na yai, jibini, uyoga au samaki. Ukisafiri magharibi zaidi hadi Finistère, utakuta hata ile ya kijivu inaitwa krepi. Kwa hiyo mipaka ya lahaja tunayosoma darasani ipo hata kwenye sahani.

Unga huo wa kijivu Wafaransa huuita ngano nyeusi, ingawa mmea wenyewe si ngano. Hauna hata undugu na ngano, mtama au mahindi. Ni mmea mfupi wa maua meupe wenye mbegu ndogo za pembe tatu. Huvumilia ardhi duni na hukomaa kwa muda wa miezi mitatu hivi, na kwa sababu hiyo ulikuwa tegemeo la wakulima maskini wa Bretagne tangu mwishoni mwa Zama za Kati. Rojo la galeti ni unga huo, maji na chumvi ya mawe, basi. Halina maziwa, na wengi hawatii hata yai. Huachwa lipumzike saa kadhaa, na wengine hulilaza usiku kucha.

Kifaa chake ni biligi, sahani nzito ya chuma cha kusubu, ya mviringo, isiyo na ukingo, yenye upana wa sentimita 40 hivi. Mpishi humwaga upawa mmoja wa rojo, kisha hulisambaza kwa kijiti cha mbao chenye kichwa cha kukingama kiitwacho rozeli. Kiganja huzungusha rozeli mara moja, bila kukandamiza, na rojo linakuwa jembamba kama karatasi kabla halijaganda. Kisha anaigeuza kwa mwiko bapa wa mbao, mrefu kama rula, na kukunja kingo nne ili galeti iwe mraba na yai lionekane katikati kama jicho. Mama mkubwa alijifunza kazi hii katika mgahawa mmoja wa galeti alikoajiriwa kwanza kuosha vyombo. Baada ya miaka 2 alipewa biligi yake. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka 17, biligi mbili kwa wakati mmoja, moja kila mkono, huku amesimama.

Nilitaja kwamba anasimama kwa sababu kusimama ndiyo sheria ya galeti. Galeti huliwa ikitoka motoni. Ukiiacha dakika 5, kingo zake zilizokuwa zikivunjika kama kaukau zinakuwa ngozi. Mgahawani kila mteja hupata yake ilipo tayari, na nyumbani hali ni hiyohiyo: mmoja anapika, wengine wanapokea kwa zamu. Mnamo Februari 2, siku ambayo Wakatoliki hukumbuka Bwana kutolewa hekaluni, Ufaransa nzima hupika krepi. Desturi inasema mpishi airushe krepi hewani kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika sarafu. Ikirudi sawasawa kikaangoni, mwaka utakuwa na fedha. Nimeona watu wakicheka na kupiga makofi. Sijaona mahali ambapo anayerusha alikuwa amekaa.

Sasa twende Assen. Mjomba alifika Uholanzi akiwa kijana, akaoa mwanamke wa kijiji kimoja cha mkoa wa Drenthe, wakapata watoto wawili. Nyumbani kwake panekuku ni chakula cha jioni. Jambo hili huwashangaza Wafaransa, ambao huona krepi ya ngano kuwa ya mwisho wa mlo au ya saa kumi alasiri. Uholanzi mtoto akiulizwa anataka kula nini siku yake ya kuzaliwa, jibu linajulikana. Kuna mikahawa kando ya misitu na mifereji isiyouza kitu kikubwa zaidi ya panekuku, kila moja ikifunika sahani nzima. Mwezi Machi kuna siku ambayo watoto wa shule za msingi huwapikia panekuku wazee wa mtaani kwao.

Panekuku ni nene kuliko krepi, ingawa si nene kama zile za Wamarekani. Tena Waholanzi hawasubiri iive ndipo waijaze. Vipande vya tufaha, jibini au nyama huwekwa kwanza kikaangoni, rojo likamwagwa juu yake, vikaiva pamoja, kitu kimoja. Halafu huja shira. Hapa sina haja ya kutafuta neno. Ni shira kama ile ya kaimati, ila yao ni nyeusi, nzito, na imetengenezwa kwa sukari ya kiazisukari. Hata panekuku yenye jibini humwagiwa shira, kisha huviringishwa kama mkeka na kukatwa kwa kisu. Wapo pia wadogo zake, pofachi, vidonge vyenye hamira vinavyokaangwa katika chuma chenye vishimo na kugeuzwa kwa uma mmoja mmoja. Mara ya kwanza nilipoona chuma hicho sokoni Leiden nilisimama kuangalia, kwa maana kilikuwa chuma cha vitumbua, hakikupungua kitu isipokuwa nazi.

Kwa wanafunzi wenzangu wanaopenda maneno, majina haya yana mengi ya kuchimba. Krepi linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kujikunja au kuwa na mawimbi. Panekuku ni wazi zaidi, keki ya kikaangoni, na limewahi kuwatia Waholanzi katika mabishano ya tahajia: zamani waliandika pannekoek, hadi kanuni rasmi za mwaka 1995 zilipoingiza n nyingine katikati, likawa pannenkoek, ingawa wengi hawaitamki n hiyo mpaka leo. Tena ukimwita mtu panekuku umemwita mjinga, lakini kwa mzaha. Watoto wa mama mkubwa, ambao Kiswahili chao ni cha maneno hamsini hivi, walipolisikia neno hili kwa mara ya kwanza waliuliza kuku yuko wapi.

Nilipoanza kusoma kuhusu chakula hiki nilikuta jambo ambalo jamaa zangu wa pande zote mbili hawakuwa wanalijua. Ngano nyeusi ilikuwa ya Uholanzi vilevile. Katika Drenthe, mkoa huohuo wa mjomba, ardhi ni ya mchanga na mboji yenye majimaji. Wakulima walichimba mitaro ili maji yatoke, wakachoma uso wa mboji, wakapanda ngano nyeusi ndani ya majivu. Panekuku za wazee wa mke wa mjomba zilikuwa za kijivu, kama galeti. Mbolea za viwandani zilipofika, watu wakahamia kwenye mazao mengine na ngano nyeusi ikabaki kumbukumbu, ingawa unga wake bado hutiwa kwenye pofachi. Kwa hiyo hizi si tamaduni mbili zilizotoka mbali zikakutana. Ni maskini wa aina moja, kwenye ardhi mbovu ya aina moja, walioachana njia baadaye.

Majina ya mmea huo nayo yanatofautiana. Waholanzi wameuita kwa mfano wa njugu za mti mmoja wa misitu yao, kwa sababu mbegu zake zina pembe tatu. Wafaransa, mbali na ngano nyeusi, wana jina la pili, nalo ni lilelile Wazungu wa zamani waliloliita Waislamu, eti kwa sababu mbegu ni nyeusi. Mama mkubwa hulipenda sana jambo hili. Husema unga umepewa jina la Waislamu, kisha ukajazwa nyama ya nguruwe. Na hasemi uongo. Galeti mashuhuri kuliko zote ina yai, jibini na paja la nguruwe. Ile inayouzwa sokoni Place des Lices siku ya Jumamosi imeviringishiwa soseji ya nguruwe. Kwa upande wa Uholanzi, panekuku ya wakubwa ni ile yenye vipande vya nguruwe vilivyokaushwa kwa chumvi. Sisi tulitoka Buyenzi, mtaa wa Waislamu na wa Kiswahili, kwa hiyo tuliingia katika tamaduni hizi mbili kwa mlango wa pembeni: Rennes kwa nyama ya bata mzinga, Assen kwa jibini na tufaha. Tulikula karibu kila kitu walichokula wenyeji, kasoro kile walichokiona wao kuwa ndicho chenyewe.

Mpaka hapa ulinganisho wangu ungeweza kuishia kwenye unene, shira na majina. Lakini Desemba ya mwaka jana mama mkubwa alisafiri kwenda Assen kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameacha kazi miezi 3 kabla. Magoti yake yalikuwa yamechoka, na daktari alimwambia asisimame tena kwa saa nyingi. Alikuja na wanawe wawili, nami nikatoka Leiden kuwa mkalimani, maana katika nyumba ile watoto wa Rennes walijua Kifaransa, watoto wa Assen walijua Kiholanzi, na wazee walizungumza Kiswahili ambacho mke wa mjomba hakijui.

Jioni ya kwanza mke wa mjomba alipika panekuku kwa heshima ya wifi yake. Alianza mapema. Kila iliyoiva aliiweka juu ya sahani iliyokalia sufuria ya maji ya moto, akaifunika kwa sahani nyingine. Alipomaliza rojo lote, sahani ilikuwa na mnara wa panekuku kama 20. Akazima jiko, akavua aproni, akaleta mnara mezani, akakaa, kisha akatuita sote.

Mama mkubwa aliutazama mnara ule kwa muda. Zile za chini zilikuwa zimelainika kwa mvuke na kushikana. Akainuka bila neno, akaenda jikoni, akatafuta unga na mayai.

"Mwambie wifi yangu kiti chake kiko hapa," mke wa mjomba aliniambia.

Nikamwambia.

"Mwambie mimi siwezi kukaa watoto wakila kiporo," akajibu mama mkubwa, tayari anavunja yai.

Neno kiporo ni dogo, lakini Kiholanzi hakina mfuko wa kulibebea. Kulitafsiri kuwa chakula cha jana kungekuwa uongo, kwa sababu kilikuwa cha jioni ileile. Kulitafsiri kama tunavyolisikia sisi kungekuwa tusi. Nikasema, anapenda watoto wazile za moto. Mke wa mjomba akafikiri kidogo, akaniomba nimwambie kwamba kwao aliyepika asipokaa, watu hawaanzi kula.

Kwa hiyo hatukuanza. Kikaango kililia jikoni, harufu ya siagi ikatufikia, na watoto wanne wakakaa mikono mapajani mbele ya sahani tupu. Mama mkubwa akaleta panekuku ya kwanza ya moto, nyembamba, imekunjwa pembe nne, akaiweka mbele ya mtoto mdogo wa mjomba. Mtoto akamtazama mama yake. Mama yake akatazama kiti kitupu. Mama mkubwa akarudi jikoni kuandaa ya pili. Wanawake wote wawili walikuwa wakifanya adabu kubwa kuliko zote walizofundishwa, na chakula kilikuwa kinapoa.

Mjomba hakuwa amesema kitu. Ndipo aliposema, kwa Kiswahili, bila kugeuza kichwa, "Dada, mara ya mwisho kula nikiwa nimekaa ubavuni pako ilikuwa Buyenzi."

Nilifanya hesabu. Miaka 6 niliyoishi Rennes nilikula galeti za mama mkubwa kila Jumapili, na zilikuwa nzuri kuliko za mgahawa. Sikukumbuka Jumapili moja aliyokuwa mezani. Tulimjua kwa mgongo wake, na kwa sauti yake ikiuliza nyuma ya bega nani bado hajapata. Sisi tulipomaliza yeye alikula ile ya mwisho, ile iliyochanika, akiwa ameegemea sinki. Wanawe wamekua hivyo. Kwao hakukuwa na upungufu wowote; mama yuko jikoni, galeti ni za moto, mapenzi ni hayo.

Mama mkubwa alizima jiko. Akaja, akakaa. Akavuta panekuku kutoka kwenye mnara, akaimwagia shira kama alivyoona wengine wakifanya, akala kipande. Wote tulikuwa tunamtazama.

"Ni tamu," akasema. "Ila imelala."

Hilo nililitafsiri neno kwa neno, na mke wa mjomba akacheka hadi akafuta macho.

Niliporudi Leiden niliendelea kulifikiria suala hili kama swali la mtihani. Wafaransa wa Bretagne wanasema heshima ya mlaji ni chakula cha moto, hata kama mpishi hatakaa. Waholanzi niliowajua wanasema heshima ni watu wote kuwa mezani, hata kama chakula kimelala. Nilidhani mtu lazima achague. Kisha nikaona mchoro mmoja wa Rembrandt, ambaye alizaliwa papa hapa Leiden mwaka 1606. Mchoro ni wa mwaka 1635, mdogo, wa rangi moja, na unamwonyesha mwanamke mzee akikaanga panekuku barabarani. Watoto wamemzunguka. Mmoja, mdogo kabisa, amekumbatia panekuku yake huku mbwa akijaribu kumnyang'anya. Watu husimama kumtazama mtoto na mbwa. Mimi nilimtazama bibi kizee, kwa sababu alikuwa amekaa. Moto wake uko chini, kikaango kiko karibu na magoti, na watoto wako ubavuni pake, si mbele ya meza nyingine.

Nilikuwa nimemwona tayari. Marehemu bibi yangu alipika chapati za maji hivyohivyo uani Buyenzi, alasiri za Ramadhani. Jiko la makaa, ambalo kwetu tunaliita imbabura, halifiki juu ya goti. Bibi alikalia kigoda, bakuli la rojo kulia, sahani kushoto, na sisi wajukuu tukakaa mkekani kumzunguka tukisubiri adhana. Adhana ikilia alianza yeye kwa tende, kisha chapati ikatoka motoni ikaingia mkononi mwa aliye karibu, na nyingine ikaenda mdomoni mwake. Alikula huku anapika, alipika huku anasimulia. Hakuna aliyewahi kuuliza kama chakula kiwe cha moto au mpishi awe nasi, kwa sababu moto ulikuwa mahali watu walipokaa.

Bretagne nako kulikuwa hivyo. Zamani biligi haikuwa juu ya kaunta. Iliwekwa juu ya chuma cha miguu mitatu ndani ya meko, na picha za kale za vijijini zinaonyesha wanawake waliokaa chini karibu na moto, rozeli mkononi. Baadaye moto ukapandishwa hadi kiunoni na kugeuzwa kuelekea ukutani. Jambo hilo lilikuwa na faida zake, maana moshi ulipungua, watoto hawakuungua, na migongo iliyokuwa ikiinama ikanyooka. Lakini ndipo kila nchi ilipolazimika kuamua itaacha nini. Krepi ikachagua moto na kumwacha mpishi amesimama. Panekuku ikamchagua mpishi na kuuacha moto. Tofauti ninazozipenda za unene, shira, kukunja na kuviringisha zote zinafuata hapo: kilicho chembamba hakiwezi kusubiri, na kilicho kinene kinaweza.

Nilimpigia simu mama mkubwa nikamweleza kuhusu mchoro. Alisikiliza, akaniuliza bibi kizee huyo alikalia nini. Nikasema haionekani vizuri. Akasema, "Kigoda. Hawezi kuwa amekalia kitu kingine," akakata simu kwa sababu alikuwa na mgeni.

Mwezi Mei nilikwenda Rennes. Nyuma ya jengo lao kuna ua mdogo wa majani ambao wapangaji wote huutumia. Mama mkubwa alikuwa ameteremsha biligi yake ya gesi na kuiweka juu ya matofali, kimo cha magoti. Yeye alikalia kiti kifupi cha plastiki, cha watoto, alichokinunua kwa yuro chache. Sisi tulikaa kwenye majani: wanawe, mimi, jirani mmoja mzee wa palepale Rennes. Kuzungusha rozeli ukiwa umekaa si rahisi, kwani bega halina nafasi, na galeti 3 za kwanza zilitoka nene upande mmoja. Jirani alisema kwa adabu ya Kifaransa kwamba zina sura ya kipekee. Mama mkubwa alimpa ya nne, iliyokuwa sawa, na ya tano akaikata vipande viwili, kimoja akampa binti yake, kingine akala mwenyewe ikiwa bado inatoa mvuke.

Alilalamika alasiri yote. Kingo hazikukauka vizuri, upepo ulisumbua moto, kiti kilikuwa kifupi mno hata kwake. Binti yake, ambaye ana miaka 19 na hazungumzi sana, alisogea akaketi karibu naye, akaanza kumuuliza mambo ya Buyenzi: nyumba ilikuwa na vyumba vingapi, bibi alipika nini tena, kwa nini mitaa ina namba badala ya majina. Walizungumza mpaka rojo likaisha. Tulipokuwa tunakusanya sahani nilimuuliza mama mkubwa kama safari ijayo atarudisha biligi juu ya kaunta.

"Tutaona," akasema. "Hizi zilikuwa mbaya." Akanipa mkono nimsaidie kuinuka. "Ila leo nimeshiba."